Kazi Nne Sindanoni, Moja Inafumuliwa

Jana usiku nilikalia sindano ya kufumia. Umeme ulikuwa umekatika, nikarudi kochini kwa kupapasa, na soksi niliyoiacha pale dakika chache kabla ilikuwa inanisubiri ncha juu. Sindano ya milimita 2.5 huidhanii kitu mpaka ikupate pajani. Mwanangu wa mwisho alikuja mbio na tochi ya simu.

"Mama, umeumia?"

"Leta tochi huku, na usitikisike."

Maana paja litapona lenyewe, lakini vitanzi 16 vya uzi vilivyochomoka sindanoni haviponi. Kitanzi kikiachwa huteremka mstari baada ya mstari na kuacha ngazi nyuma yake, na uzi wa soksi, kwa wembamba wake na kuteleza kwake, huteremka kama umetumwa. Tulivikamata vyote, yeye akimulika, mimi nikivichota kimoja kimoja kwa sindano ya krosheti. Aliponiona nimeshusha pumzi akauliza swali ambalo baba yake amelikwepa miaka yote: "Kwani Mama, una vitu vingapi unafuma?"

Nilimwambia soksi tu. Taa ziliporudi na watoto wakalala, nikaona aibu, nikazunguka nyumba kukusanya kila kitu chenye sindano ndani yake na kukipanga mezani. Kazi 4. Ya tano haina sindano, hiyo naifumua.

Nimefuma zaidi ya miaka 20, na ukiniuliza ni nini kimenichukua muda mrefu kukielewa, sitakutajia mitindo. Nitakutajia uzi. Kwa miaka mingi nilichagua uzi kwa shavu. Nilikuwa nautoa kwenye rafu, naugusisha shavuni, nikihisi ulaini nalipia. Lakini shavu halivai soksi. Shavu haliburuzwi sakafuni, halimwagiwi maziwa, halitumbukizwi kwenye mashine ya kufulia na mtu aliyechelewa kazini. Siku hizi kabla hata ya rangi najiuliza: kitu hiki kitaenda kuishi na nani, na huyo mtu hufua vipi? Ukishapata jibu, nusu ya rafu inajiondoa yenyewe.

Nianze na hiyo soksi iliyonichoma. Ndiyo kazi yangu ya njiani. Donge la gramu 100 lenye mita kama 400, sindano 5 fupi zenye ncha pande zote mbili, basi. Vyote vinaingia kwenye mkoba na bado kuna nafasi ya pochi. Nimeifuma kwenye viti vya kumsubiri daktari, nimeifuma ndani ya gari lililosimama bila yeyote kutuambia sababu. Mguu wa soksi ni mzunguko mtupu, mkono unajua njia, akili inaweza kwenda kokote. Kisigino ndicho kinachodai mtu mzima. Niliwahi kujaribu kugeuza kisigino kwenye kikao cha wazazi. Nikatoka na kisigino chenye pembe, na hadi leo sijui tulikubaliana nini. Tangu hapo visigino nafumia nyumbani.

Jozi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya merino tupu, sufu laini ya kondoo wa jina hilo. Lilikuwa chaguo la shavu, hilo. Nyuzi za merino ni nyembamba mno, mikroni 20 hivi, yaani milimita 0.02, na ndiyo maana haziwashi ngozi; wembamba huohuo ndio unaozifanya zilike upesi zikisuguliwa. Tena uzi wenyewe ulikuwa umesokotwa kwa ulegevu, umevimba vizuri, unapendeza machoni. Sikumaliza miezi miwili visigino vikawa wavu. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa soksi panajulikana hata kabla hujaanzisha mstari wa kwanza. Sasa nachukua uzi wenye asilimia 75 ya sufu na 25 ya nailoni, uliosokotwa kwa kukazwa. Nikiubiringisha kati ya vidole usiachane. Hauna ulaini wa kumsifia mtu. Jozi yake ninayo mwaka wa tatu.

Kisha kuna hesabu, ambayo wanaoanza huiogopa bure. Mzunguko wa mguu wangu ni sentimita 22. Soksi inatakiwa iwe pungufu kidogo, kama sehemu moja ya kumi, ili ivutike na kushika. Mkono wangu, kwa sindano zile, hutoa vitanzi 32 kwa kila sentimita 10. Vitanzi 64 vinanipa sentimita 20. Imekwisha. Nilipoteza miaka nikifuma soksi za ukubwa wa mguu kamili na kushangaa kwa nini zinajikusanya ndani ya kiatu.

Kazi ya pili ni blanketi la mtoto wa mdogo wangu, ambaye bado hajafika. Hili nalifuma kwa hadhari, kwa kuwa nina deni.

Mtoto wake wa kwanza nilimfumia blanketi la sufu halisi, jeupe, lenye matundu ya majani, kazi ya miezi 4. Nililipeleka mwenyewe. Nikasubiri kuona picha ya mtoto amefunikwa nalo; picha haikuja. Nikienda kumtembelea silioni. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikauliza.

"Dada, lipo," akasema, akawa anatazama dirishani.

Lilikuwepo kweli, kabatini, chini ya mashuka. Lilikuwa limebaki kama robo, zito, gumu kama kapeti, matundu ya majani yamezibika yote. Alikuwa amelifua kwa mashine, kwa maji ya moto, pamoja na nepi za kitambaa. Unyoya wa kondoo umefunikwa na magamba madogo mno yanayoelekea upande mmoja. Maji ya moto, sabuni na msukosuko vikikutana, nyuzi husogeleana, magamba yakashikana, na hakuna njia ya kuyaachanisha tena. Mdogo wangu alidhani nitamkasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe. Ni mama gani mwenye kichanga atakayefua kitu kwa mkono, maji vuguvugu, bila kusugua, kisha akitandaze bapa kivulini? Nilikuwa nimempa kazi nyingine nikaiita zawadi.

Basi hili la sasa ni nusu pamba, nusu akriliki. Wapo wafumaji wanaoitaja akriliki huku wamekunja pua, na nilikuwa mmoja wao. Ni zao la mafuta ya petroli, lilianza kutengenezwa viwandani kwa wingi mwaka 1950, na uzi wake wa bei ya chini kabisa hulia kati ya vidole kama mfuko wa plastiki. Lakini haugandamani. Unafuliwa, unatoka, unafuliwa tena. Adui yake ni joto. Niliwahi kuipiga pasi skafu ya akriliki iliyokuwa inajikunja kingo, ili ikae bapa. Ilikaa bapa. Imekaa bapa hadi leo: vitanzi vyote vililegea, mvutiko ukaisha, ikawa inaning'inia shingoni kama utambi. Na ukiweka akriliki karibu na moto haiungui kistaarabu, inayeyuka na kunata, kwa hiyo mtu anayekaa jikoni simfumii nguo ya uzi huo.

Kwa nini basi nisitumie pamba peke yake? Kwa sababu ya uzito, na kwa sababu ya vifundo vya mikono yangu. Sufu hunyumbuka, ukiivuta inakuja, ukiiachia inarudi. Pamba haikupi kitu. Kila kitanzi unakivuta kwa nguvu yako mwenyewe, na baada ya saa moja mkono unakudai. Blanketi la pamba tupu likilowa linakuwa mzigo, na likitundikwa kwenye kamba linarefuka kwa uzito wake. Ukichanganya na akriliki unapunguza uzito, na bado ipo pamba inayogusa ngozi. Kuna pamba ile inayong'aa, ambayo watu hudhani ni hariri. Asili yake ni John Mercer wa Uingereza, aliyegundua mwaka 1844 kwamba pamba ikilowekwa kwenye soda kali nyuzi zake hubadilika umbo na kupata nguvu. Mng'ao wenyewe ulikuja mwaka 1890, Horace Lowe alipoanza kuilowesha huku imevutwa isisinyae. Naipenda sana hiyo pamba kwa mifuko na kola. Kwa mtoto inateleza mno.

Matundu ya majani nayo nimeyaacha. Vidole vya mtoto mchanga huingia popote palipo na tundu, na kuvitoa si rahisi kama kuviingiza. Nafuma kitanzi kimoja mbele, kimoja nyuma, na mstari unaofuata napishanisha. Kazi ya kuchosha kuitazama, sikatai. Ila pande zake zote mbili zinafanana, kingo hazijikunji, na ninaweza kuifuma huku nikimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti bila kupoteza hesabu. Ndiyo kazi ya jioni.

Sasa sweta la kaka. Hapa nitakaa kidogo.

Kaka yangu ni mtu mkubwa kwa kifua na mdogo kwa subira. Aliniomba sweta la bluu iliyokolea, la kuingizia kichwani, "lisilowasha". Kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kwa blanketi, nikanunua sufu iliyotibiwa, ile inayovumilia mashine. Nikafuma kipande cha majaribio, kama mtu mwenye akili. Sentimita 15 kwa 15. Nikapima katikati: vitanzi 22 kwa sentimita 10, sawasawa na maelekezo. Nikafurahi, nikaanza. Kifua kilitakiwa kiwe sentimita 110 pamoja na nafasi ya kupumulia, nikaanzisha vitanzi 242 kwenye sindano za mduara, nikazunguka kila Jumapili kwa muda wa miezi miwili na zaidi.

Kile kipande cha majaribio nilikuwa nimekitumia kama alama ya kitabu. Siku moja kikamwagikiwa maji, nikakisuuza, nikakianika. Kilipokauka nikakitazama, nikahisi tumbo limeshuka. Nikachukua rula. Vitanzi 20.

Mtu asiyefuma ataona 22 na 20 ni majirani. Gawa 242 kwa 20 uzidishe kwa 10: sentimita 121. Sentimita 11 zaidi, zinazomsubiri kaka yangu afue sweta mara ya kwanza tu. Sufu ikitibiwa ili isigandamane, magamba yale huondolewa kwa klorini au hufunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Hayashikani tena, ndiyo, lakini kule kushikana kidogo ndiko kulikokuwa kunaizuia nguo isilegee. Ikilowa, nyuzi zinateleza, na sweta linakua. Dawa yake imo kwenye kipande cha majaribio: kifue kama nguo yenyewe itakavyofuliwa, kikaushe vilevile, kisha ndipo upime. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewafundisha wengine hilo. Nilikuwa na haraka.

Kiwiliwili kilikuwa kimefika makwapani. Nilikifumua chote kwa jioni mbili. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni akitazama lile donge likinenepa, hakusema neno, na nilimshukuru kwa hilo.

Kuna jambo ambalo wanaofuma kwa Kiswahili tunalo bila kulitafuta. Kufuma na kufumua ni neno moja limegeuzwa, kama kufunga na kufungua, kama kuziba na kuzibua. Kinyume chake kimo ndani yake tangu mwanzo. Na tatizo, ukiliangalia vizuri, ni uzi uliotatana, na kulitatua ni kuachanisha nyuzi. Sijui kama inanifariji. Vitanzi elfu kadhaa vikifumuka kwa pamoja vina mlio wao, mkavu, wa haraka, kama mvua ikianza kwenye majani makavu, na usiku wa pili nilijikuta nimeanza kuupenda.

Sasa sweta lina vitanzi 220 na limerudi katikati ya tumbo. Kikwazo kipya ni rangi. Nilinunua madonge 9, nikaja kuona nahitaji 11, nikarudi nikapata mawili yenye jina lilelile la rangi lakini namba tofauti ya kundi, yaani hayakutiwa rangi siku moja na yale 9. Mkononi huoni tofauti. Ukifuma donge jipya juu ya la zamani unaona mstari, kama alama ya maji ukutani. Siwezi kuyaacha hayo mawili yakae pamoja kifuani. Nafuma mistari 2 ya donge la zamani, 2 ya jipya, mpaka macho yasahau, na nitayasambaza hadi mikononi. Kama ningeyanunua yote siku moja, ningeokoa kazi hiyo. Lakini mkoba siku ile ulikuwa na maoni yake.

Ya nne ni shali ya moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, na hariri, na sina mengi ya kusema, kwa sababu ipo kifungoni. Uzi wa gramu 25 wenye mita 210, mwepesi kama pumzi. Nikauchukua rangi nyeusi. Nyeusi! Moheri kwa manyoya yake hushikana na jirani zake, kitanzi chake hukioni, unakisikia tu kwa ncha ya kidole, na rangi nyeusi usiku ni sawa na kufuma kivuli. Mchana ndio wa kuifuma, na mchana si wangu. Nilikosea mahali fulani mstari wa 38. Nimejaribu kuiweka kwenye friza usiku mzima, kama wafumaji wanavyoshauriana, ati manyoya yataachiana. Ilitoka baridi, imeng'ang'ania vilevile. Ipo kwenye mfuko nyuma ya mlango, na kila mmoja wetu anajua alichomfanyia mwenzake.

Ningeweza kuongeza kapu. Kila mfumaji ana kapu la uzi alionunua kwa ajili ya kitu fulani na kitu hicho amekisahau. Langu limekuwa makapu 3. Mchagua jembe si mkulima, huwa naambiwa, na kuna ukweli: kuchagua uzi na kufuma ni mapenzi mawili tofauti, na la kwanza halichoshi mgongo. Mwaka jana niliweka daftari. Naandika uzi, namba ya rangi, gramu, ni wa nini, na nabandika lebo pamoja na kipande kidogo cha uzi wenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Yangu haikuwa inaisha, ilikuwa inaongezeka bila habari, ambalo ni balaa jingine. Tangu daftari lianze nimenunua uzi mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa najua ni wa nani.

Ile kazi ya tano iko chumbani kwa Mama.

Mama ndiye aliyenifundisha. Anaishi nasi, na vidole vyake vimeshikwa na baridi yabisi kiasi kwamba sindano hazishiki tena, ila macho hajastaafu. Akipita nyuma yangu naona kabisa anahesabu. Mwanzoni mwa mwaka alifungua sanduku lake akanitolea sweta la kijani alilojifumia nilipokuwa mdogo. Nalikumbuka vizuri. Viwiko vyote viwili vimelika, kwapani pamefumuka, lakini mbele na nyuma ni zima.

"Fumua," akasema.

Nilimwambia haiwezekani, nitalitia viraka, nitalihifadhi. Akanitazama kama alivyokuwa ananitazama nikikataa kuoga.

"Kwani uzi umekosa nini, mwanangu?"

Halikuwa na lebo, na yeye hakumbuki alinunua nini. Nikakata kipande kidogo kutoka kwenye mshono wa ndani, nikakishika kwa kibano juu ya sinia la bati nikakiwasha. Pamba ingewaka kama karatasi na kunuka hivyo. Akriliki ingeyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Hiki kiliwaka kwa shingo upande, kikazimika chenyewe nilipoondoa moto, kikanuka nywele zilizoungua, na jivu lake likavunjika vidoleni. Sufu.

Kufumua sweta la kufumwa kwa mkono si kuvuta tu uzi unaojitokeza. Kwanza unatafuta uzi wa mshono, ule uliounganisha vipande, na kuukata bila kugusa kipande chenyewe; nilitumia mkasi wa kucha na pumzi nilizozibana. Mikono niliiweka kando, ilikuwa imekwisha. Halafu huwezi kuanzia popote. Uzi hufumuka kutoka pale mfumaji alipomalizia, kwenda pale alipoanzia. Ukianza chini unakwama kila kitanzi. Kwa hiyo nilianza shingoni, kazi ya mwisho ya Mama, nikawa naelekea kwenye kazi yake ya kwanza.

Unatoka umejikunjakunja, kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Nikauzungusha kwenye mgongo wa kiti kuwa shada, nikalifunga legelege mahali 4 lisitatane, nikalilowesha maji vuguvugu nusu saa, nikalitundika na uzito mdogo chini yake. Kesho yake ulikuwa umenyooka, kijani kilekile, isipokuwa pale palipopigwa na jua mabegani.

Nilichogundua katikati ya kipande cha mbele ni kwamba hapakuwa na fundo. Madonge mangapi yaliingia pale, na uzi unatoka mmoja, mwanzo hadi mwisho? Nikamwendea na shada mkononi.

"Uliunganishaje?"

"Mate," akasema.

Akachukua ncha mbili, akaziachanisha nyuzi zake, akazilaza moja juu ya nyingine kiganjani, akatia mate, akaanza kusugua. Vidole vilimkatalia. Nikamalizia mimi, viganja vikapata joto, na nikavuta: umeshika. Ni magamba yaleyale yaliyoliua blanketi la mdogo wangu. Miaka yote nimekuwa nikiyachukulia kama adui, nikinunua sufu iliyonyang'anywa magamba yake, na hiyo haishiki kwa mate hata usugue mpaka kesho. Ya Mama inashika. Kapu langu lina uzi wa aina hiyo kiasi, nilikuwa nimeuandikia daftarini "wa hatari". Nimefuta, nikaandika "wa kofia na vizibao, kwa watu wazima wenye akili".

Kipande cha nyuma kilikuwa na fundo moja. Dogo, limekazwa vibaya, si mkono wake. Nilimwonyesha. Akaligeuza kwenye mwanga.

"Nani anajua," akasema. "Labda wewe ulikuwa unalia."

Jumapili iliyopita nilifika mwisho wa kipande hicho, kwenye ukingo wa chini unaovutika, ambao nyumbani tuliuita mbavu: viwili mbele, viwili nyuma. Mbavu zilikuwa nzima kabisa, hazijalegea, na hapo nikasimama. Uzi wa mbele na nyuma ukitoa mikono unatosha kizibao. Hakuna sababu ya kuzifumua mbavu ili nizifume tena vibaya zaidi. Leo nikapitisha sindano ya milimita 4 ndani ya vitanzi vilivyobaki wazi, kimoja kimoja, kutoka kulia kwenda kushoto, nikahesabu. 111.

Nikahesabu tena. Mbavu za viwili viwili hazitoki kwenye 111, zinataka 110. Nikafuata kwa kidole, na karibu na upande wa kushoto nikauona ubavu mmoja wenye vitanzi 3.

"Mama, hapa kuna kimoja kimezidi."

Hakuinua kichwa. "Kipo. Nilitaka kukiunganisha na mwenzake nikifika mwisho wa mbavu."

"Na kwa nini hukukiunganisha?"

"Nilisahau."

Sweta zima, shingo, mikono, miaka yote ile ya kulivaa, na yeye alikuwa anakikumbuka. Nikaketi pembeni yake, uzi kwenye paja, nikafuma mstari wa kwanza. Nilipofika pale kwenye vitatu nikapitisha sindano kwenye viwili kwa pamoja na kuvifuma kama kimoja. Akanyoosha mkono, nikampa kazi. Alihesabu mwenyewe, kwa ncha ya kidole kilichopinda, polepole, midomo ikicheza, mpaka 110, akanirudishia.

Kazi sindanoni sasa ni 5.